Sindano ya Kope

Ukimwona mtoto anajikuna macho kutwa, usiharakishe kusema ni mchanga. Mdogo wangu ana miaka tisa, na hapa Mkwiro wenzake walimbandika jina la "Macho Tope" kwa sababu weupe wa macho yake uligeuka rangi ya tope.

Maradhi yenyewe ni mzio wa macho wa utotoni. Huwapata zaidi wavulana, hasa katika nchi za joto kama yetu. Macho huwasha, hutoa utando kama uzi na kuogopa jua. Kandokando ya weusi wa jicho huota kinyama laini, na ukiipindua kope ya juu utaona vinundu vimejipanga kama matumbawe maji yakitoka. Vinundu hivyo si saratani, lakini hukikwaruza kioo cha jicho kila mtoto anapopepesa, hata kukatokea kidonda na kovu.

Mamangu alinunua dawa ya matone dukani. Wallahi ilifanya kazi! Siku mbili tu macho yakatulia. Basi ikawa kila yakiwasha anatiwa. Kumbe ni stiroidi, jamii moja na kotisoni, dawa ambayo utafiti wake uliwapatia Kendall, Reichstein na Hench tuzo ya Nobel mwaka 1950. Hutuliza uvimbe upesi, lakini ikitumiwa miezi bila kupimwa yaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo huua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu. Pia huleta mtoto wa jicho.

Tukavuka kwa mashua hadi Shimoni, tukapanda matatu mpaka kituo cha macho cha Mwabungo, kilichoanzishwa mwaka 1993. Daktari naye akachagua stiroidi, tena ya sindano! Nikamuuliza mbona. Akanieleza kwamba ya chupa haina kipimo nyumbani, kila mtu hutia apendavyo. Ya sindano huipima yeye, akaipenyeza ndani ya kope nyuma ya vinundu, ikakaa hapo kwa wiki kadhaa. Jicho lenyewe halitobolewi. Kwanza hutiwa ganzi, na mdogo wangu alilia zaidi kabla ya kuchomwa kuliko baadaye.

Sasa vinundu vimelala. Mzio haujaisha, huenda ukamwacha akibaleghe, na vinundu vyaweza kurudi. Hata sindano yaweza kupandisha presha, kwa hiyo lazima arudi kupimwa. Ile chupa mamangu ameitumbukiza chooni, na tarehe ya kurudi Mwabungo ameiandika kwa makaa mlangoni.