Mtengeneza Ngozi: Ana Faida Gani Barazani?

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Juu ya neno hilo umesimama mchezo mmoja wa kutafutana wabaya uliozaliwa Moscow miaka ya 1980, katika idara ya saikolojia ya chuo kikuu, kwa fikira za Dimitry Davidoff: waovu wachache wanaojuana, na wema wengi wasiojuana. Mwaka 1997 Andrew Plotkin wa Marekani aliwavisha waovu sura ya mbwamwitu, na mwaka 2014 ukatoka mchezo wa karata, One Night Ultimate Werewolf, wa watu 3 hadi 10. Si kamari, msomaji, pesa hazitiwi.

Kila mtu hupewa karata kwa siri, na karata tatu hubaki katikati. Wote hufumba macho; mbwamwitu hufumbua wakajuana. Kisha wote huamka, hujadiliana kwa dakika chache, na kwa pamoja humnyooshea kidole wa kuuawa. Akifa mbwamwitu, kijiji kimeshinda.

Sasa yumo mtu wa ajabu: mtengeneza ngozi. Yeye si wa kijiji wala si wa mbwamwitu, na hushinda akiuawa tu. Akifa yeye, mbwamwitu hawashindi. Na kama hakufa mbwamwitu pamoja naye, kijiji nacho kimekula hasara. Je, ana faida, au ni mvurugaji tu?

Mimi nilimdharau. Usiku mmoja baada ya Isha tulicheza bila yeye, watu saba, mimi na wajukuu na rafiki zao. Mjukuu wangu mmoja ana haya, akiulizwa hubabaika. Mara tatu tulimwua, mimi wa kwanza kunyoosha kidole, na mara tatu akawa mwanakijiji. Akasema, "Babu, nikisema nauawa, nikinyamaza nauawa." Neno lile lilinichoma.

Tukamtia mtengeneza ngozi. Mara kubabaika hakukuwa tena ushahidi, maana huenda anayebabaika ndiyo atakayo. Na kwa kuwa huenda karata yake imelala katikati, hofu yake peke yake ilitosha kututuliza. Ikatubidi tuulize: ulifanya nini usiku, na nani shahidi wako?

Walakini hasara ipo. Mbwamwitu mjanja hujisingizia utengeneza ngozi, akaachwa. Na wakiwa watu watatu au wanne, au wageni wa mchezo, huzuka zogo tupu. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: atiwe watu wakifika sita na wakiujua mchezo. Faida yake si kumkamata mwovu. Ni kumwepusha asiye na kosa na vidole vya wenye haraka. Dalili ya mvua mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Usiku ule, baada ya kumwacha, nilimwomba radhi mjukuu wangu. Akacheka, akafunua karata yake. Mara hiyo alikuwa mbwamwitu.