Bibi Katika Kalamu ya Mgeni

Mwaka 1855 mchoraji Franz Xaver Winterhalter aliwachora Malkia Eugénie wa Ufaransa na mabibi wa jumba lake wameketi penye uwazi wa msituni, nguo zao zimetanda juu ya majani kama matanga yaliyoshushwa; na taswira ile, pamoja na zile zilizofuata za akina Tissot na Renoir, ndizo zinazowajia wengi akilini itajwapo sanaa ya kuwachora wanawake malidadi wa karne ya 19. Walakini mtu wa Mombasa azitazamapo ana sababu yake hususa ya kuzitazama kwa makini, kwani pembe za ndovu zilizochongwa vipepeo na vitana vya mabibi wa Ulaya, na hata vibao vyembamba vya kuchorea sura ndogo za kuvaliwa kifuani, aghalabu zilitoka Afrika, na zilizoshuka na misafara ya Wakamba ziliuzwa katika bandari hii yetu. Na sandarusi iliyochimbwa katika ardhi ya pwani ya Afrika Mashariki ilivukishwa bahari ikawa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Basi ikiwa mali yetu ilifika huko kuwapamba wao, mabibi wetu, ambao kaskazi ya kila mwaka iliwaletea hariri na bafta, walichorwa na nani?

Jawabu la kweli ni kwamba mabibi waungwana wa Mombasa hawakuchorwa ila kwa nadra. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale ilijengwa kwa sitara: mgeni wa kiume alipokewa mlangoni, kwenye daka na baraza zake, na penye heshima zaidi pakawa ukumbini, lakini kule ndani, penye zidaka na vyombo vya China, macho yake hayakufika. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyesafiri pwani hii kwa merikebu ya Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, alikuwa na chombo cha daguerreotype, ufundi uliotangazwa Paris mwaka 1839 tu, ambao ulimlazimu mtu kuketi kimya bila kutikisika mpaka nuru iandike sura yake juu ya bamba la madini. Bamba lile lilikuwa moja, halinakiliki. Ndipo mafundi wa Paris wakazichora upya sura zile juu ya jiwe, wakapiga chapa picha za kitabu chake kilichotoka 1856. Tutazamapo sura hizo, kwa hiyo, tunamwona mtu wa pwani aliyepita katika mkono wa fundi ambaye hakuwahi kuusikia hata upepo wa kusi.

Naye huyo aliyekubali kuketi mbele ya mgeni ni nani? Hapa msomaji na aisome nguo kabla ya uso. Mwanamke aliyejifunga shuka moja ya kaniki au ya merikani chini ya makwapa, mabega wazi, huyo aghalabu ni mjakazi, kwa kuwa bibi wa nyumba alivaa kanzu na suruali ya marinda, na akitoka alijifunika. Kule Lamu hata shiraa ilibebwa na wajakazi juu ya bibi yao kama hema linalotembea. Lakini pasiwe na haraka ya kuhukumu, maana bibi mwenye mali alikuwa radhi kumvisha mjakazi wake dhahabu siku ya arusi ili utajiri wa nyumba udhihirike njiani huku mwenyewe akibaki ndani. Wageni wengi waliona vito wakadhani wameona bibi. Kosa hilo lanihuzunisha maradufu: bibi hakuonekana, na aliyeonekana hakujulikana.

Zaidi ya hayo, kalamu ilichukua sehemu ndogo tu ya urembo. Ilichukua kipini cha puani, majasi ya masikioni, banagiri za mikononi na furungu za miguuni, wala haikuweza kuchukua mlio wa furungu hizo zikikaribia katika kichochoro, wala hina, ambayo kwa wino mweusi huwa kivuli tu. Na manukato je? Mwanamke wa pwani hakujihesabu amevaa mpaka nguo zake zifukizwe udi, mwili usingwe liwa na dalia, na kikuba cha asumini, rehani na mkadi kitiwe kifuani. Kwa mizani ya kwetu, mtu aliyepambwa hutambulikana kabla hajaonekana, na taswira isiyo na harufu ni nusu ya taswira.

Mmoja aliyejichagulia mwenyewe namna ya kuonekana ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, yule aliyeitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka 1837. Aliondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani, na kule Hamburg akapigwa picha amevaa nguo za kwao. Kisha mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, akazieleza nguo na mapambo kwa ulimi wa mtu aliyeyavaa. Picha ile naiona aula kuliko michoro yote ya wasafiri, hata ikiwa imepigwa ugenini, kwenye baridi, mbali na waliojua maana ya kila mkufu.

Mwisho wa karne ile mambo yalikwisha badilika. Leso, ambayo jina lake tumelirithi kwa Wareno na ambayo yasemekana ilianza kwa vitambaa sita vya mkononi kushonwa pamoja, ilikuwa imeingia madukani, na mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake hapa Mombasa, ile ijulikanayo hata leo kwa mali ya Abdulla. Waliotoka utumwani, ambao huku pwani ya Kenya ulifutwa kabisa na sheria mwaka 1907, waliiacha kaniki wakavaa leso, na kwa leso wakaingia studio za picha. Walikwenda wawili wawili, shoga kwa shoga, wamevaa sare, mkono wa mmoja juu ya bega la mwenziwe. Baadhi ya picha hizo ziligeuzwa kadi za posta, zikauzwa kwa abiria wa meli, na chini yake pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba hao ni warembo wa Kiswahili, bila jina la yeyote kati yao. Nimezitazama nyingi. Leso zimekunjwa kwa uangalifu, pindo limelingana na pindo, na wote wawili wamekaza macho mbele bila kuyainamisha.