Timu ya mpira ikibisha hodi skulini: mambo ya kuuliza kabla ya kutia saini

Karatasi hutoka mkobani ikiwa imekunjwa mara nne. Juu ina nembo ya timu ya mpira, chini yake jina la skuli ya msingi, na katikati maelezo ya Kiingereza kwamba kuanzia muhula ujao kocha wa timu atakuja kila wiki kufundisha. Mwisho pana mahala pa mzee kutia saini. Mtoto anaruka kwa furaha. Baba anauliza, "Kwani wamemuona anavyocheza?" Mama naye, "Itagongana na chuo?"

Maswali yote mawili yana haki yake, na jamaa zetu walioko Leicester, Milton Keynes, Northampton, London na Manchester wanayajua vizuri. Hata sisi tulioko Muscat na Dubai tunayasikia, maana siku hizi kila nyumba ina mpwa au mjukuu anayesoma Uingereza, na khabari hizi hufika kwenye simu kabla ya chai ya jioni. Basi hebu tuangalie jambo lenyewe: timu inataka nini skulini, mtoto anapata nini, na mzee aulize nini.

Lilivyoanza

Miaka ya 1980 mpira wa Uingereza ulikuwa na sifa mbaya. Viwanjani fujo, watazamaji wanapungua, na katika miji ya viwanda vijana wengi hawana kazi. Mei 1985 watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Brussels, kwenye fainali ya Liverpool na Juventus, na vilabu vya Uingereza vikafungiwa mashindano ya Ulaya. Timu zikaona kwamba jirani akikuchoka, huna tena timu.

Mwaka huohuo Arsenal walianzisha idara yao ya jamii kaskazini mwa London. Mwaka 1986 chama cha wachezaji wa kulipwa kikaanza mpango wa majaribio na vilabu sita vya kaskazini magharibi, Manchester City kikiwa kimoja wao. Makocha wakaanza kuingia mitaani na maskulini.

Hapa pana jambo ambalo watu wetu wa Ghuba hulichanganya. Sheikh Mansour wa Abu Dhabi aliinunua Manchester City mwaka 2008, na mfuko wa serikali ya Saudia ukaongoza kuinunua Newcastle United Oktoba 2021. Kazi ya skulini ilikuwapo kabla yao. Ile ya City ina umri wa miaka zaidi ya 20 kuliko umiliki wa Abu Dhabi, na taasisi ya hisani ya Newcastle ilianza 2008. Fedha za Ghuba zimeikuta nyumba imeshajengwa.

Mwaka 1997 serikali nayo ikaingia, na mpango ulioitwa Playing for Success. Vyumba vya kusomea vikawekwa ndani ya viwanja vya mpira, na watoto waliokuwa nyuma kidogo kimasomo wakaitwa baada ya saa za skuli kujifunza hesabu, kusoma na kutumia kompyuta. Mtoto ambaye akiona kitabu cha hesabu anaumwa na tumbo, akiambiwa darasa liko ndani ya uwanja wa timu yake, anakuja mbio. Taasisi ya utafiti wa elimu, NFER, iliufuatilia mpango huo mwaka baada ya mwaka na ikaona watoto wamepanda khasa katika hesabu na kompyuta. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ikaacha kuulipia, na vituo vingi vikafunga milango. Neno hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Kinachofundishwa leo

Mpango mkubwa wa sasa ni Premier League Primary Stars, ulioanza 2017 kwa watoto wa miaka 5 hadi 11. Zaidi ya vilabu 100 vya England na Wales vimo, tokea wakubwa wa ligi kuu mpaka timu za madaraja ya chini. Ndiyo maana mtoto wa Milton Keynes au Northampton hana haja ya kukaa karibu na Old Trafford ili afikiwe.

Masomo ni manne: mazoezi ya mwili, hisabati, Kiingereza, na yale mafunzo ya maisha kama kustahamili ukishindwa, kutomdhulumu mwenzio na kuheshimu asiyefanana na wewe. Katika mazoezi, kocha hufundisha pamoja na mwalimu wa darasa, ili mwalimu naye ajue na aendelee kocha akishaondoka. Katika hisabati, mpira huwa ndiyo mfano. Mkiambiwa timu imepiga penalti 20 na 15 zimeingia, ni asilimia ngapi? Mtoto atakwambia 75 kabla hujamaliza kuuliza, na yeye huyohuyo jana alikuwa analia na asilimia za kwenye kitabu. Kuna hata mashindano ya kutunga mashairi, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa utamu wake.

Arsenal wana mpango wao mwengine, Double Club: nusu ya kipindi darasani, nusu uwanjani, na ndani yake mna lugha za kigeni. Mtoto anajifunza Kifaransa au Kispania darasani, kisha anakwenda kuyatumia maneno hayohayo kwenye mpira. Kwa watoto wetu, ambao nyumbani wanasikia Kiswahili, chuoni Kiarabu na skuli Kiingereza, njia hiyo si ngeni. Kinachopendeza ni kwamba kule skulini anaonekana mtoto mwenye lugha tatu kuwa ana mali, badala ya kuonekana ana tatizo.

Kocha si skauti

Sasa swali la baba. Jibu ni hapana, hawajamuona anavyocheza. Kocha anayekuja skulini anatoka idara ya jamii ya klabu. Wale wanaotafuta vipaji ni watu wengine, wenye kazi nyengine. Akademi za vilabu huweza kusajili watoto kuanzia kundi la chini ya miaka 9, na anayechukuliwa huonekana zaidi kwenye timu za mitaani siku za Jumamosi na Jumapili.

Tunalisema hili kwa sababu linaumiza watu. Baba akisadiki kwamba Arsenal imemjia mwanawe, masomo ya nyumbani yanalegea, chuo kinaachwa, na mtoto wa miaka tisa anabebeshwa ndoto ya ukoo mzima. Miaka miwili baadaye mpango unahamia skuli nyengine, na mtoto anadhani yeye ndiye aliyeshindwa. Mwambieni mapema: huyu ni mwalimu wako, kama mwalimu mwengine yeyote.

Tena tuna mfano wetu wenyewe. Ali Al-Habsi, Muomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa mzima-moto kabla ya mpira kumpeleka Norway, kisha Bolton na Wigan. Alikuwa na kazi mkononi kabla ya kuwa na jina.

Nani analipa?

Kazi hii kwa kawaida haifanywi na kampuni ya klabu yenyewe. Hufanywa na taasisi ya hisani iliyosajiliwa mbali, yenye jina la klabu na bodi yake. Sehemu ya fedha hutoka kwenye mapato ya Ligi Kuu, ambayo hugawiwa mpaka timu za chini. Vifaa vya kufundishia vya Primary Stars walimu huvipata bure.

Lakini si kila kocha mwenye jezi ya timu anakuja bure. Kuanzia 2013, baada ya Olimpiki ya London, serikali ilianza kuzipa skuli za msingi za England fedha maalumu za michezo. Kwa hesabu iliyowekwa 2017, skuli yenye wanafunzi 17 au zaidi ilipata pauni 16,000 kwa mwaka, na pauni 10 juu yake kwa kila mwanafunzi. Skuli nyingi zimetumia fungu hilo kulipia makocha wa nje. Zilitakiwa pia kuandika kwenye tovuti zao fedha hizo zimekwenda wapi, kwa hivyo mzee yeyote anaweza kufungua na kusoma. Fedha hizo zilikusudiwa kuwajenga walimu na kuwaongezea watoto michezo. Hazikuwa za kumleta kocha ashike darasa ili mwalimu apate kwenda kusahihisha madaftari.

Kwenye tovuti hiyohiyo angalieni na kuogelea. Mtaala wa England unataka mtoto akimaliza darasa la sita awe anaweza kuogelea mita 25. Itakuwa aibu mtoto wa ukoo wa mabaharia awe na jezi nzuri na hajui kuogelea.

Wale mlioko Ghuba mtofautishe pia. Shule za mpira zenye jina la Manchester City kule Abu Dhabi ni huduma ya kulipia ada. Ni nzuri kwa anayeweza, ila ni biashara, na mkataba wake usomwe kama mkataba wa biashara.

Kamari kifuani

Hili ndilo lenye uzito kwa nyumba ya Kiislamu. Timu kadhaa za Uingereza zimevaa majina ya makampuni ya kamari kifuani kwa miaka mingi. Tangu 2007 kanuni za sekta hiyo zinakataza matangazo ya kamari kwenye jezi za saizi za watoto, na Aprili 2023 vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana kuyaondoa mbele ya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Hatua hiyo ina mpaka wake: inahusu kifua tu. Mikono ya jezi na mabango ya uwanjani ni jambo jengine.

Kwa hivyo mtoto akiletewa jezi au tiketi ya bure, uliza. Hakuna ubaya kumwandikia mwalimu mkuu barua fupi, yenye adabu, kwamba familia yenu haitaki mtoto apigwe picha mbele ya tangazo la kamari au la pombe. Skuli za huko zimezoea barua kama hizo, na picha ya mtoto haitakiwi kutumika kwenye matangazo bila ya idhini yako.

Chuo, hijabu na Ramadhani

Swali la mama lina jibu jepesi zaidi. Vipindi vya wakati wa skuli haviwezi kugongana na chuo. Vinavyogongana ni vile vya baada ya masomo, na hivyo ni hiari. Familia nyingi hupangilia: siku mbili mpira, siku zilizobaki chuo. Ustadhi akielezwa mapema, mara nyingi husaidia.

Kwa wasichana, FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, baada ya marufuku ya miaka kadhaa. Kama sheria ya mpira wa dunia inaruhusu, kipindi cha skuli ya msingi hakina sababu ya kukataa. Muulize kocha kama msichana anaweza kuvaa suruali ya mazoezi na hijabu ya michezo, na kama wapo makocha wanawake.

Kuhusu Ramadhani, tarehe 26 Aprili 2021 mechi ya Leicester City na Crystal Palace ilisimama kwa muda mfupi ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Mpira ulikuwa umetoka, kipa akasubiri, wakafungua swaumu, mchezo ukaendelea. Ikiwa mechi ya ligi kuu imeweza kungoja, kocha wa darasa la tano naye ataelewa akiambiwa mtoto amefunga. Ila lazima aambiwe. Usimwachie mtoto wa miaka kumi aelezee dini yake peke yake huku wenzake wanamtazama.

Kabla ya kutia saini

Mpigie simu mwalimu au nenda mlangoni asubuhi, uulize haya. Mpango ni wa muda gani, na ukimalizika nani ataendelea? Kumbukeni yale ya Playing for Success: kizuri kinaweza kukatwa bajeti ikibadilika. Je, kocha amepitia ukaguzi wa usalama wa watoto, ule unaoitwa DBS? Unatakiwa kwa kila anayefanya kazi na watoto mara kwa mara, na kuuliza si kutukana. Mwalimu wa darasa atakuwepo kipindi chote? Picha zitatumika wapi? Na mwanangu amechaguliwa kwa nini: darasa zima linaingia, au wale wanaohitaji msaada wa kusoma? Ukiambiwa ni kwa msaada wa kusoma, usione haya. Ndiyo fursa yenyewe.

Kiingereza chako kikiwa kizito, mchukue shangazi au kaka mkubwa akufasirie. Skuli zinapenda mzee anayeuliza, na mtoto anajua tofauti baina ya karatasi iliyotiwa saini mbiombio na ile iliyosomwa na mama na baba mezani. Ukisharidhika, mnunulie viatu vya mpira, hata vya bei ndogo, na Jumatano akirudi muulize amefundishwa hesabu gani kabla ya kumuuliza amefunga magoli mangapi.