Kigari cha Spoti kwenye Mlima wa Gisozi

Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anayetamani kigari cha spoti kilichotumika huanza kutafuta Japani. Mkazi wa Gisozi, mtaa wa mlimani jijini Kigali, hana njia hiyo. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara na haisajili magari madogo yenye usukani wa kulia. Zile Swift Sport na Impreza zinazoshushwa Mombasa kwa wingi, hata zikiwa za bei ya kutupa, si zake. Magari yake yatatoka Ubelgiji au Ujerumani, pengine Dubai, Korea Kusini, Marekani au Kanada. Uchaguzi ni mdogo na bei iko juu, lakini karatasi za gari mara nyingi ni bora kuliko za majirani, na nitalirudia hilo, kwa sababu karatasi ndizo huamua kama raha uliyoinunua itadumu mwaka mmoja au mitano.

Kabla ya aina ya gari, mnunuzi ajiulize raha anayoitafuta inapatikana wapi. Mjini Kigali kamera za mwendo zimekuwa maarufu hadi watu wakazipa jina, Sofia, na sehemu kubwa ya barabara za mji hazikuruhusu kuvuka kilomita 60 kwa saa. Hata ukitoka nje ya mji kuelekea Musanze au Huye, 80 ndiyo mwisho. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza mbele ya wakuu wa mbio za magari duniani, waliokutana Kigali, kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. Mpaka siku hiyo ifike, gari la nguvu za farasi 250 litaonja nguvu zake kwa sekunde chache tu kati ya tuta na tuta, halafu faini iingie kwenye simu.

Raha ya Gisozi, basi, iko chini ya kilomita 60, na ipo kweli. Ukipanda kutoka bondeni Kinamba, barabara inakupa mlima, kona na msongamano kwa pamoja. Hapo dereva hufurahia gari jepesi, usukani unaomwambia tairi la mbele linafanya nini, na gia anazobadilisha mwenyewe. Gari la kilo 1,050 lenye nguvu za kadiri unaweza kulikamua mpaka mwisho wa gia ya kwanza bila kuvunja sheria. Jaribu hilo na gari zito lenye injini kubwa, na utakuwa umeshapigwa picha kabla injini haijachangamka.

Mlima una hesabu yake pia. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni hafifu kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama inavyoikuta, kwa hiyo nguvu zake hupungua takriban kwa kiasi hichohicho. Gari lililoandikwa farasi 136 kwenye karatasi za Ulaya litakuwa na kama 117 pale Gisozi. Injini yenye turbo huishindilia hewa kabla haijaingia kwenye silinda, ndiyo maana haipotezi sana. Lakini turbo nayo inahitaji kuzunguka kwanza. Turbo kubwa iliyochelewa kuamka itakusumbua unapoondoka mlimani kwa gia ya kwanza, nyuma ya Fuso iliyobeba mbao. Kwa mwinuko huu, injini ndogo yenye turbo ndogo ndiyo inayofaa kuliko zote.

Watu huuliza juu ya kupanda na kusahau kushuka. Breki ndizo zinazochoka Kigali. Anayeshuka mlima huku amekanyaga breki muda wote huchemsha mafuta ya breki, hasa yaliyokaa miaka mingi, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa na maji hayo hugeuka mvuke. Pedali inazama, gari linaendelea. Mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na mlima unashukwa kwa gia ya chini ili injini ishike gari. Ndiyo sababu nyingine napendelea gia za mkono: unachagua mwenyewe, na kwenye gari lililotumika klachi moja ya kawaida ni nafuu mno kuliko otomatiki yenye klachi mbili iliyoharibika.

Sasa chini ya gari. Barabara kuu za Gisozi ni nzuri, ila njia za kuingilia nyumbani ni mawe au udongo mwekundu, na kati ya Machi na Mei mvua huzichimba. Kuna matuta, na kuna mitaro kando ya njia. Gari la spoti lililotoka kiwandani na springi fupi kidogo utalizoea. Lililokatwa springi na mwenye nalo wa kwanza liache hapohapo, maana sampu ya oili itagonga jiwe siku moja. Tazama pia unene wa tairi. Tairi la 195/45 kwenye rimu ya inchi 17 lina ukuta wa milimita 88 tu, na shimo moja linatosha kupinda rimu. Rimu ya inchi 16 yenye tairi la 195/50 karibu ilingane nalo kwa kimo, inakupa ukuta wa milimita 97.5, na tairi lenyewe kwa kawaida ni rahisi zaidi. Hakikisha tu breki zinaenea ndani yake.

Ekzosi ya kelele sitaipa nafasi. Gisozi ni mtaa wa nyumba za watu, na ndipo ulipo Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Kuna sehemu ambazo gari halistahili kusikika.

Upande wa manufaa, watu wengi hujidanganya kwa mizigo. Wananunua RAV4 kwa ajili ya kabati watakalolibeba mara moja kwa mwaka. Gakiriro ya Gisozi imejaa mafundi wa samani, na samani zikiuzwa hubebwa na lori la kukodi. Gari lako halihusiki. Buti la Swift Sport ya 1.6 lina lita 211, na la Golf ya kizazi cha tano au cha sita lina 350. La kwanza linatosha manunuzi ya wiki, la pili linaongeza masanduku ya safari ya Rubavu. Kinachoumiza familia ni milango. Gari la milango mitatu humlazimisha bibi kupinda mgongo kila Jumapili, na baada ya miezi michache utajikuta unaliuza kwa hasara. Mwenye watoto au wazazi wa kuwabeba atafute milango mitano na asibishane.

Tuje kwenye magari yenyewe. Swift Sport ya lita 1.6, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2010, ina farasi 136, gia sita za mkono na uzito wa kilo kama 1,050. Tangu 2013 Ulaya ilipata pia ya milango mitano. Injini yake haina turbo, kwa hiyo mwinuko unaigusa, lakini inatoka ukoo mmoja na ile ya SX4 na Grand Vitara ya 1.6, na hilo linasaidia unapotafuta vipuri vya kawaida. Iliyofuata, ya 2018, ina turbo ya lita 1.4, farasi 140 na uzito chini ya tani moja. Kwa barabara hizi sijui kigari kinachofaa kuliko hicho. Ina pia faida ya kodi: ushuru wa bidhaa wa Rwanda umekuwa ukipangwa kwa ujazo wa injini, asilimia 5 chini ya cc 1,500 na 10 kuanzia hapo hadi 2,500. Juu yake unakuja ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, basi muulize wakala wa forodha hesabu kamili ya gari husika kabla ya kutuma pesa Ulaya.

Golf GTI ndiyo kila mtu anayoitaka, na ni gari linalofanya kila kitu. Kizazi cha tano, cha 2004 hadi 2008, kina farasi 200, na ugonjwa wake unajulikana: kikombe kidogo kati ya shafti na pampu ya petroli huliwa, na kisipobadilishwa kwa wakati huharibu shafti. Cha sita kinajulikana kwa kikaza cheni ya taimingi. Kikiachia, injini imekwisha. Cha saba, cha kuanzia 2013, ni bora zaidi ila ni ghali. Mwenye otomatiki ya klachi mbili za ndani ya oili aulizie risiti ya kubadilisha oili ya gia kila kilomita 60,000. Mini Cooper S ya turbo ya miaka ya kwanza, 2006 hadi 2010, ina raha isiyo na mfano na cheni yenye sifa mbaya. Mimi ningeipita.

Anayetazama Korea aikumbuke Hyundai Veloster, yenye mlango mmoja upande wa dereva na miwili upande wa abiria. Kwa Rwanda abiria wa nyuma anashukia kando ya barabara, mahali salama. Na kuna la umeme. Volkswagen, iliyoanza kuunganisha magari Kigali mwaka 2018, ilileta e-Golf mjini mwaka 2019. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii chochote, na kwenye mteremko inarudisha chaji kwenye betri. Tatizo ni uzito wake na afya ya betri iliyokwisha kutumika, ambayo ni lazima ipimwe.

Kuhusu ukaguzi, anza na karatasi. Gari lililouzwa Ubelgiji kwa mtu binafsi lazima liwe na Car-Pass, cheti kinachoonyesha kilomita zilizorekodiwa kila lilipoingia gereji. Mfumo huo upo tangu 2006. Gari la Ubelgiji lisilo na cheti hicho liulizie maswali magumu. La Marekani tafuta historia ya ajali zake kwa namba ya chasisi, kwani mengi yanayouzwa rahisi yalishapondwa yakanyooshwa. Kisha lione asubuhi injini ikiwa baridi, kabla muuzaji hajaipasha, usikilize cheni inavyogonga sekunde za kwanza. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi: 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Matairi manne ya makampuni manne tofauti yanakueleza mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani. Lipeleke kwa fundi wako mwenyewe, Gatsata au popote unapomwamini, alipandishe juu na aunganishe kompyuta. Cheti cha ukaguzi wa polisi kinathibitisha kwamba gari lilikuwa salama siku lilipopimwa. Hakisemi lolote kuhusu cheni wala klachi.

Tenga sehemu ya pesa, angalau moja ya tano ya bei, kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Usipoweza kuitenga, chukua gari la bei ya chini yake. Na iwe Swift au Golf, malipo ya mwisho yatoke siku ambayo jina lako limeshaingia kwenye kadi ya gari, si siku ambayo dalali amekuahidi kwamba litaingia.