Vidin, Mji wa Ngome Ukingoni mwa Mto Danube

Kaskazini-magharibi ya nchi ya Bulgaria, ukingoni mwa mto mkubwa Danube, uko mji wa bandari uitwao Vidin. Ng'ambo yake ni Romania, na tangu mwaka 2013 daraja limeziunganisha nchi hizo mbili mahali hapo.

Warumi wa kale walikuwa na ngome hapo, jina lake Bononia. Juu ya misingi yake ilijengwa ngome ya Baba Vida, nayo hata leo mgeni huziona kuta zake nene, minara yake na handaki lake. Wenyeji husimulia kwamba mkuu mmoja aliwarithisha binti zake watatu. Kula na Gamza waliolewa na waume wabaya, mali ikaliwa ikesha. Vida hakuolewa, alijenga ngome, akaulinda mji.

Baada ya vita vya Nicopolis, mwaka 1396, mji uliingia mikononi mwa Waturuki, wakautawala, ila kwa vipindi vichache, hata mwaka 1878. Mtu aliyevuma zaidi katika zama hizo ni Osman Pazvantoglu. Baba yake aliuawa kwa amri ya serikali. Mwana akaasi, akaushika mji. Mwaka 1798 jeshi kubwa la Sultani lilimzingira, lisimweze. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha Pasha. Alifariki mwaka 1807.

Lakini ajabu yake si vita. Katika miaka ya 1801 na 1802 alijenga msikiti kwa ukumbusho wa baba yake, na kando yake maktaba. Juu ya msikiti huo hapana mwezi mwandamo, bali alama mfano wa ncha ya mkuki. Msikiti ungalipo, wa pekee uliobaki mjini. Nyumba ya maktaba nayo ipo, lakini vitabu vyake vilitawanyika: vingine vilikwenda Istanbul, vingine Sofia.

Hapo ndipo penye mazingatio. Jiwe hujilinda lenyewe. Kitabu hakina budi kulindwa na mtu. Mimi nilipofungua sanduku la marehemu babu yangu, nilikuta mchwa wamekwisha nitangulia, na sikupata ila majalada. Basi, enyi wazazi, leo jioni fungueni masanduku ya wazee wenu, mvipanguse vitabu, na muwaonyeshe watoto majina yaliyoandikwa ndani. Mwana humwenzi babaye kwa kuhifadhi alichokiacha.