Mdaiwa Asijifiche

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno hayo yalikuwa kweli zama za daftari la dukani, na leo, mkopo unapopatikana kwa kubonyeza simu au kwa kadi ya benki, yamezidi kuwa kweli. Harusi imekuwa ya dakika moja. Matanga ndiyo yaliyorefuka.

Visiwa hivi vina kumbukumbu ndefu ya madhara ya deni lisilolipwa. Wenye mashamba ya Unguja na Pemba waliweka rahani mikarafuu yao, na bei ya zao ilipoanguka, deni lilibaki pale pale. Hali ilifika hadi mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamishwe ovyo mikononi mwa wadai.

Siku hizi wengi wetu hatuna shamba la kuweka rahani; tunaweka jina. Mkopo ukipitisha tarehe, kwanza huongezwa tozo na riba. Mathalan, shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, hupindukia shilingi 313,000 baada ya miezi 12. Kisha taarifa za mdaiwa huweza kufika katika taasisi za kumbukumbu za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Na siku atakapotaka mkopo wa kujengea au wa biashara, benki itamtazama kwa jicho jengine. Jamaa zetu wenye kadi za mkopo ughaibuni wayajua haya: Uingereza doa hilo hukaa miaka 6, Marekani miaka 7. Na ikiwa alikuwapo mdhamini, naye huandamwa, na udugu ukaingia ufa.

Twawasihi wakopaji wasijifiche. Mwenye kuzima simu hazimi riba. Aliyekwama na amwendee mdai kabla ya tarehe kupita, aeleze hali yake, aombe muda au malipo ya kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe. Wala asikope huku ili alipe kule. Huko ni kuchimba shimo kwa kufukia shimo.

Hata hivyo, mdai naye ana mipaka yake. Wako wakopeshaji wa simu ambao huwapigia jamaa, majirani na wakubwa wa kazi wa mdaiwa, wakamtangaza kama mwizi. Kudai ni haki. Kumvunjia mtu heshima yake si haki. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Hatua ile ilikuwa njema, na yawapasa wahusika Serikalini wasiiache ipoe. Masharti ya mkopo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi. Jumla ya malipo ionekane kabla mtu hajakubali. Na mwananchi wa Micheweni au Makunduchi aelezwe bayana wapi pa kupeleka malalamiko yake.

Dawa ya deni ni kulipa. Twamtaka mdaiwa ailipe amana ya watu, na twamtaka mdai adai kwa heshima.