Pikapu Iliyokohoa Alfajiri

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi sana. Linalomsumbua ni lile linalougua nyumbani na kupona likifika gereji.

Ndugu msomaji, tuliishi na maradhi hayo kwa miezi miwili. Pikapu yetu ya petroli, ya miaka ya 1980, yenye silinda 4, ndiyo inayochukua nazi na madafu yetu kutoka Kilifi hadi soko la Kongowea, mwendo wa kilomita 60 hivi. Asubuhi moja huenda kama mashua iliyopata upepo. Asubuhi nyingine injini hukohoa, hutikisika na kupungukiwa na nguvu; mafundi husema gari "linamisi". Jua likipanda, hutulia kana kwamba haikuwa na neno.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, tukapata siku tatu za raha. Wa pili alishauri injini ifunguliwe yote, kwa gharama iliyokaribia karo ya watoto ya muhula mzima. Nasi, kwa kukosa jibu, tulimtupia lawama mpwa wetu anayeiendesha, kwamba hununua petroli iliyochakachuliwa njiani. "Mjomba, petroli natia pale pale siku zote," alisema, kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo hakuketi nasi kwenye chakula cha jioni.

Fundi wa tatu, mtu mzima mwenye maneno machache, hakushika spana. Alitaka daftari. Kila safari tuandike saa, hali ya hewa, injini ni baridi au imeshika moto, na petroli imetiwa wapi. Kisha akatueleza sababu. Kila silinda yahitaji mambo matatu: hewa na petroli kwa kiasi chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Kosa likija injini ikishika moto, hushukiwa koili au kondensa. Likija mlimani au kwa mzigo mzito, hutazamwa filta na pampu ya petroli. Likitokana na vali iliyoungua, haliondoki kwa sababu jua limepanda. Likija penye unyevu na kutoweka kukikauka, hutazamwa nyaya za plagi na kifuniko cha distribyuta.

Baada ya wiki mbili daftari lilitoa ushahidi: injini ilikohoa mara tano, zote alfajiri, baada ya mvua au umande mzito wa kusi. Petroli ilikuwa ya pampu ile ile, siku mbaya na siku njema. Na zile siku tatu za raha? Tulikumbuka kwamba mvua haikunyesha.

Usiku mmoja fundi alikuja nyumbani. Pikapu iliegeshwa uani penye hewa, gia ikatolewa, breki ya mkono ikavutwa, taa zikazimwa. Injini ikinguruma, alizinyunyizia nyaya maji kidogo kwa chupa tunayolowanishia nguo za kupiga pasi. Tukaona cheche za samawati zikiruka kutoka waya wa silinda ya tatu hadi kwenye chuma cha injini. Mpira wake ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kukiwa kukavu, ufa huo hauna madhara. Chumvi ya upepo wa bahari ikilowa juu yake, hupitisha umeme, na cheche hupotea kabla ya kufika kwenye plagi. Alituonya tusisogeze mikono, kwani umeme huo ni wa maelfu ya volti.

Alibadilisha nyaya zote, kwa kuwa umri wao ni mmoja, akafuta kifuniko cha distribyuta ndani na nje. Gharama yake ilikuwa ndogo mno mbele ya ile ya kufungua injini. Tuliendelea na daftari wiki mbili nyingine za mvua; safu ya kukohoa ikabaki tupu.

Lililosalia halikuwa kazi ya fundi. Tulimwendea mpwa wetu, tukamwomba radhi. Alilichukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Mngeliandika tangu mwanzo."

Alisema kweli. Kwa hivyo twakuusia, msomaji: gari likianza kuugua kwa vipindi, andika kabla ya kununua kifaa, badilisha kitu kimoja kwa wakati, wala usimshitaki mtu kwa kosa ambalo bado hujaliona kwa macho.

Jioni hiyo mpwa wetu alikula nasi.